Shukrani kwa mzee wa kikoi pale Gede

Mzee wangu, shikamoo. Jina sikukuuliza, na hilo linanisuta hadi leo.

Mimi ndiye mwenye Land Cruiser kuukuu, HJ75 ya marehemu baba, uliyenikuta nimeegesha chini ya mwembe nikitoka Malindi kwenda Kilifi, mikono inatetemeka. Kila nikifika kilomita 70 kwa saa nikagonga kishimo, usukani ulicheza kama umepagawa mpaka nikaribie kusimama. Magurudumu nilishayabalansi mara mbili, na fundi mmoja akanifungia shoki mpya ya usukani. Ilitulia wiki mbili, ikarudi vilevile. Ukacheka: "Hapo umemziba mgonjwa mdomo asilie."

Ukainua mbele kwa jeki, ukashika gurudumu juu na chini, ukalitikisa. Likacheza. Ukaniambia nikanyage breki, ukatikisa tena, bado linacheza. Basi si beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, ukasema, maana breki ingeuficha mchezo wake. Ni za kingpini, pale gurudumu linapoegemea likigeuka kushoto na kulia. Ujanja huo wa breki nimeshawafundisha watu watatu, wote wakajifanya waliujua.

Kweli, tulipofungua, beringi za chini zilikuwa na kutu na zimechimbika. Tumetia mpya, tukapanga vile vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo wa beringi mpaka gurudumu likageuka kwa uzito unaotakiwa. Tairodi, zile fito za usukani zinazosukuma magurudumu, zilikuwa nzima, nami nilibaki kidogo tu nizinunue!

Pesa ulikataa, ukapokea maji tu. Ijumaa huwa napita hapo Gede baada ya swala. Halua yako iko garini.