Beberu mwacheni, mwanangu

Virginia, Marekani

Mwanangu Zuhura,

Shangazi yako ameniambia beberu keshafungwa uani, ananisubiri. Mwacheni, mwanangu. Sili tena mbuzi, ng'ombe wala kondoo, na si kwa maringo ya mtu aliyekaa ughaibuni.

Kiangazi kilichopita nilikuwa nafyeka nyasi nyuma ya nyumba, nikakuta kupe mwenye doa jeupe mgongoni kaniganda nyuma ya goti. Nikamng'oa, nikasahau, sisi tuliokulia machungani, kupe tumewazoea. Wiki kadhaa baadaye nikala mishkaki kwa jirani, saa moja jioni, nikalala salama. Saa sita usiku naamka viganja vinawaka moto, mwili mzima mabaka, midomo imevimba, pumzi haipandi. Mwanangu, nilipiga shahada. Zahanati niliyokimbizwa wakasema nimekula kilichoharibika. Hali ile ikanirudia tena, safari hii baada ya supu.

Daktari wa mzio ndiye aliyeniuliza kama nimewahi kuumwa na kupe, akapima damu. Kumbe nyama ya mamalia karibu wote ina sukari iitwayo alfa-gali. Sisi binadamu hatuna. Kupe akikuuma, mwili unaweza kuanza kuiona sukari hiyo ni adui. Na kwa kuwa madhara huja saa mbili hadi sita baada ya kula, nani atashuku nyama? Hapa hapa Virginia, Profesa Thomas Platts-Mills na wenzake ndio waliofuatilia kwa nini wagonjwa wa saratani walikuwa wakizidiwa kwa dawa ya setuksimabu. Sukari ile ile ilikuwamo; wakachapisha mwaka 2008. Na profesa mwenyewe aliwahi kuumwa na kupe, akala kondoo, yakamkuta. Niliposikia hayo nilipata faraja kubwa.

Basi pilau iwe ya kuku, na sufuria isiwe iliyotoka kupikia nyama. Changu wa kupaka nitamla hadi mifupa. Maziwa wengine huwadhuru, mimi bado nayaweza. Vidonge vya maganda ya jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, msinipe hata kichwa kikiuma. Sindano ya adrenalini, ya dharura mzio ukinizidi, nitakuja nayo; siku ya kwanza tu nitakufundisha kuichoma pajani.

Bibi yako mwambie wewe, taratibu, kabla sijafika. Akiniwekea bakuli la supu kwa mkono wake, sijui nitalikataaje.

Baba yako