Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Fomu za ufadhili zishushwe kwenye kata

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sasa mkulima wa viazi na maparachichi. Tangu nistaafu, majirani huniletea fomu zao niwasaidie kuzijaza: za bima, za mikopo ya vikundi, za vyuo, na miaka hii za ufadhili wa masomo unaotolewa na halmashauri kwa watoto wa kaya zisizojiweza. Hizi za mwisho ndizo zimenishikisha kalamu. Mkoa wetu una halmashauri 7. Yangu siitaji jina, maana sikusudii kumchongea mtumishi yeyote. Nataka utaratibu ubadilike, na wewe una uwezo wa kuwaita wakurugenzi wote meza moja.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, tangazo la ufadhili lilibandikwa kwenye ubao wa makao makuu ya halmashauri. Huku milimani lilitufikia Jumatano jioni, likiwa picha kwenye simu ya kijana wa bodaboda. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa. Binti wa jirani yangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea astashahada ya kilimo, yaani ngazi ya cheti iliyo chini ya stashahada. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Mama yake huuza ndizi gulioni.

Alhamisi alfajiri tukaanza kusaka mihuri. Mwenyekiti wa kijiji tulimkuta msibani. Akatoka nje, akaiweka fomu juu ya tofali, akatia sahihi. Mtendaji wa kijiji hakutuchelewesha. Mtendaji wa kata alikuwa kikaoni mjini na muhuri umefungiwa kabatini, ikabidi tulale na fomu hadi Ijumaa asubuhi. Mkuu wa shule aliyosoma naye yuko kata ya pili. Tulifika makao makuu saa nane mchana, vumbi hadi kwenye kope.

Karani aliyetupokea alikuwa kijana mstaarabu. Alizipekua karatasi moja moja, akasimama kwenye ya mwisho. Cheti cha kifo cha baba hakikuwepo. Tulichokuwa nacho ni kibali cha mazishi kilichoandikwa na mtendaji wa kijiji wa wakati ule, kimeliwa na mende pembeni. Hakikukubaliwa. Binti alikichukua, akakirudisha katikati ya kaunta buku lake, akaniambia, "Babu, twende tu. Mama yuko peke yake shambani." Nauli, fotokopi na picha za pasipoti vilikuwa vimekula shilingi 27,000, ambazo mama yake alizikopa.

Mheshimiwa, mzee akifia nyumbani kijijini, watu huzika, hulia, kisha hurudi shambani. Wachache sana hufunga safari kwenda wilayani kufuatilia cheti. Kwa hiyo yatima wa kweli ndiye asiye na karatasi ya kuthibitisha uyatima wake, wakati kijiji kizima kilibeba jeneza la baba yake. Hapa ndipo roho inaponiuma. Mfuko umewekwa kwa ajili yake, na sharti la mfuko ndilo linalomfungia mlango.

Najua Serikali imefanya mengi. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa ajili ya elimu ya juu, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kukopesha baadhi ya fani za stashahada. Mtoto wa astashahada bado hana pa kugonga zaidi ya ndugu, kanisa, msikiti na huu mfuko wa halmashauri. Ndiyo maana fomu moja kukataliwa ni jambo zito kwetu.

Dawa yake tuliwahi kuiona hapahapa. Mwaka 2013 mkoa wetu ulikuwa mstari wa mbele katika mpango wa RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano. Cheti cha kuzaliwa kilishushwa hadi ofisi za kata na vituo vya afya, kikaandikwa kwa mkono palepale bila malipo, na taarifa zikatumwa kwa simu. Binti huyu alikuwa na miaka minne. Mama yake alimbeba mgongoni hadi zahanati, akarudi na cheti siku hiyohiyo. Cheti hicho ndicho karatasi pekee kwenye bahasha yake ambayo haikutusumbua hata kidogo. Kizazi kile cha 2013 ndicho sasa kinamaliza sekondari na kuomba vyuo.

Basi ninachoomba ni hiki. Fomu za ufadhili zitolewe na kupokelewa ofisi ya kata, na tangazo lisomwe kwenye mikutano ya vijiji, misikitini na makanisani angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho. Asiye na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha serikali ya kijiji ukubaliwe kwa muda huku kata ikimsaidia kufuatilia cheti chenyewe. Na majina ya waliopata yabandikwe kata kwa kata. Fedha hizi zinatoka kwenye mapato ya ndani, na mapato hayo ni pamoja na ushuru wa chai, maparachichi na viazi vyetu. Tukiliona jina la mtoto tunayemjua kuwa na shida, tutafurahi naye. Tukiliona la mtoto wa mwenye uwezo, tutauliza.

Mama wa binti yule alifuatilia cheti cha kifo miezi minne, amekipata. Bahasha iko mezani kwangu, na binti hupita kila Jumamosi akitoka kupanga maparachichi kwenye kreti za wanunuzi. Huniuliza kama tangazo la mwaka huu limetoka. Mpaka leo sijaliona.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, mkoani Mbeya