Kostiki ya sabuni iuzwe na maelezo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaouza kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, pamoja na wanaotufundisha akina mama kutengeneza sabuni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Mwaka huu kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilimwita mwalimu wa ujasiriamali atufundishe sabuni ya mche. Alifundisha kwa moyo, hilo nalishukuru. Lakini vipimo vyake vyote vilikuwa vya vikombe: kikombe cha kostiki, vikombe kadhaa vya mafuta, vikombe kadhaa vya maji. Mafuta gani, hakusema. Baada ya semina nikaenda kununua kostiki. Muuzaji akaipima, akaifunga kwenye mfuko mweupe wa nailoni usioandikwa hata neno moja. Nilipoingia nyumbani, mjukuu wangu akanyoosha mikono kunipokea mzigo akidhani ni sukari.

Niliuweka mfuko ule juu ya kabati, kisha nikaenda kwa jirani yangu anayefundisha kemia sekondari. Aliyonieleza siku ile ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mawese hugeuka sabuni yote kwa gramu 141 hivi. Mafuta ya mise yanatoka kwenye mchikichi huohuo, ila kwenye kokwa, nayo yanataka gramu kama 175. Ya nazi yanakaribia 183. Sasa mtu achukue kipimo cha Pwani cha mafuta ya nazi, aje akitumie huku Kigoma kwenye mawese: katika kila kilo itabaki kostiki zaidi ya gramu 40 isiyopata mafuta ya kushikana nayo. Sabuni hiyo itaganda, itakatwa, itauzwa, halafu itamchubua mama anayefulia na mtoto anayeogeshwa nayo. Kostiki ikipungua sana nayo sabuni inabaki laini, ya mafutamafuta. Kwa kikombe tofauti hiyo haionekani. Inatakiwa mizani, hata ile ndogo ya jikoni ya betri, ambayo kikundi kinaweza kuchangiana.

Mara yangu ya kwanza nilitumia kilo 2 za mawese na gramu 268 za kostiki. Ni pungufu kidogo ya kipimo kamili, kwa makusudi, ili kinachobaki kwenye sabuni kiwe mafuta na si kostiki. Kazi niliifanyia uani, watoto wote wako kwa shangazi yao, nami nimevaa glavu za mpira, miwani na shati la mikono mirefu. Kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya kostiki joto hupanda ghafla na kuirusha usoni. Hata kwa utaratibu huo, ndoo yangu ilipata moto usioshikika, bila kuni wala mkaa, na mvuke wake unakaba koo. Ndoo yenyewe iwe ya plastiki ngumu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini ikatoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Kwenye semina tulikorogea kwenye ndoo, ila hatukuambiwa sababu. Mama asiyeijua sababu, siku akikosa ndoo, atachukua sufuria ya ugali.

Mawese yalipofika vuguvugu nikachanganya, nikakoroga kwa mwiko wa mti mpaka mkono ukafa ganzi. Uji ukazidi kuwa mzito, mwiko ukaanza kuacha alama juu yake. Kesho yake nikakata miche ya rangi ya chungwa, mizuri kweli, nikaipanga rafuni wiki 4 ikomae kabla ya kutumiwa. Povu lake si jingi, mawese ndivyo yalivyo. Ukitia mise kiasi linaongezeka. Mama yangu aliposhika mche wa kwanza alianza kusimulia miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni ilipoadimika madukani wakawa wanafulia majani ya mpapai. Ameniusia nisiiache kazi hii, nami siiachi.

Kwa hiyo siombi kostiki ipigwe marufuku. Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayesimamia Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Namwomba usimamizi huo ufike hadi kwenye meza za sokoni, pale gunia linapofunguliwa na kugawanywa robo kilo, nusu kilo. Kila mfuko utiwe karatasi yenye jina, alama ya hatari na maneno machache ya Kiswahili: ikikugusa ngozini au machoni, osha papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, usipake siki wala ndimu. Aliyeimeza asitapishwe, maana ikipanda inaunguza koo mara ya pili, akimbizwe hospitali.

Walimu wetu wa semina, nawaomba somo la kwanza liwe mizani na glavu, rangi na marashi yafuate baadaye. Na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa kuwa wana ofisi mikoani, wakitutolea jedwali moja la vipimo vya mawese, mise, nazi, alizeti na ufuta, vikundi vitalibandika ukutani. Nawe Mhariri, likipatikana, tafadhali lichape katika ukurasa wako wa ujasiriamali. Kikundi chetu tutanunua gazeti siku hiyo, kila mwanachama na lake.

Msomaji wako,
Mama Zuhura,
Ujiji, Kigoma.