Risala ya Klabu ya Kompyuta na Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Wanafunzi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kukagua kazi zetu. Kanga zilizotundikwa ukutani zimechorwa kwa programu zilizoandikwa kwa Python, lugha ya kuiamuru kompyuta. Tunaomba tukueleze moja tu, ile nyekundu iliyo karibu na mlango.

Mchoraji wake ni kasa, yaani kalamu inayotembea kwenye skrini kwa amri zetu; amri hizo zimo katika moduli (fungu la amri zilizo tayari) iitwayo turtle. Inakuja pamoja na Python, kwa hiyo hatuhitaji intaneti. Ila kwenye kompyuta zinazoendeshwa na mfumo wa Ubuntu, kifurushi cha python3-tk huongezwa kivyake, la sivyo dirisha halifunguki. Asili ya kasa huyu ni Logo, lugha ya kufundishia watoto iliyobuniwa Marekani mwaka 1967.

Ndugu Mgeni Rasmi, kanga huwa na urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Kila sentimita tumeipa pikseli (vitone vya skrini) 5, ndipo tukapata uwanja wa 750 kwa 550. Tumeukata vyumba vya mraba vya pikseli 50: mistari 11, safu 15, jumla vyumba 165. Vya ukingoni ni 48, na hivyo ndivyo pindo. 117 vilivyobaki ni mji. Hapo mwanafunzi anakutana kwa mpigo na kitanzi (amri zinazojirudia) cha mistari, kitanzi cha safu ndani yake, na sharti: chumba kikiwa mstari wa 0 au wa 10, ama safu ya 0 au ya 14, kipakwe rangi ya pindo.

Wengi hukwama hapohapo. Python inahesabu kuanzia 0, hivyo mstari wa mwisho ni wa 10. Ukiandika 11 na 15, kompyuta hainung'uniki hata kidogo, lakini kanga inatoka na pindo la juu na la kushoto tu. Ukiweka and (na) penye or (au), pindo lote linatoweka, maana hakuna chumba kilicho mstari wa 0 na wa 10 kwa wakati mmoja. Programu ya wastani wa alama ikikosea hutoa namba inayofanana na ya kweli, na kosa linaweza kukaa muhula mzima. Kanga yenye pindo pande mbili, hata bibi asiyewahi kugusa kompyuta ataikataa. Ndiyo maana tunaanza na uchoraji.

Korosho za mjini zinatokana na amri tatu: circle(40, 180), circle(20, 180) na circle(-20, 180). Namba ya kwanza ni nusu kipenyo cha duara, ya pili ni nyuzi za kuzunguka, na alama ya kutoa hugeuza upande wa kuzungukia. Kasa anarudi alipoanzia, lakini akiwa ametazama nyuma. Asipogeuzwa nyuzi 180, korosho ya pili inapinduka, ya tatu inakaa sawa, ya nne inapinduka tena. Kalamu isipoinuliwa kabla ya kuhama, wino unaburuzwa kutoka korosho moja hadi nyingine. Jina, HABA NA HABA HUJAZA KIBABA, ndilo jepesi kuliko yote: ni amri moja ya write.

Kosa linalochosha zaidi wala si la uchoraji. Mwanafunzi huhifadhi faili lake kwa jina turtle.py; Python inalisoma hilo badala ya moduli yenyewe, na kila amri inakataliwa. Dawa ni kubadili jina la faili.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, UPS (vifaa vya betri vinavyoshikilia umeme kwa muda) za maabara, kwa sababu umeme ukikatika kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Pili, msaada wa kuchapa kanga moja kwenye kitambaa. Mchoro tunaweza kuutoa kama faili la EPS, ambalo hubeba mistari yenyewe na si vitone, hivyo ukikuzwa hadi sentimita 150 hauchakai.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Kompyuta na Sanaa