Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji: tunaomba mkataba wa bustani za jamii

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam na heshima. Najua barua nyingi zinazofika mezani kwako zinaomba fedha. Hii inaomba karatasi: mkataba wa maandishi, wa miaka isiyopungua kumi, kwa kila bustani ya jamii inayotunzwa na watu wa kujitolea kwenye kiwanja cha umma.

Kwa sasa tunalima kwa ruhusa ya mdomo, na wenye bahati wana barua inayosema "kwa muda, hadi itakapotangazwa vinginevyo". Udongo haufuati kalenda ya namna hiyo. Kiwanja kilichotelekezwa huwa kimeshindiliwa na magari, kimejaa vifusi na vipande vya chupa, na pengine kina madini ya risasi yaliyoachwa na rangi za zamani na moshi wa petroli. Inabidi udongo upimwe, matuta yainuliwe kwa udongo safi, mboji itiwe msimu baada ya msimu hadi ardhi ilainike na minyoo irudi. Mche wa parachichi uliobebeshwa nao unataka miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Nani atapanda mti mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Basi tunapanda mboga za majani za mwezi mmoja, halafu anakuja afisa, anazunguka, anaandika kwamba kikundi hakina mipango ya muda mrefu.

Haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1973 jijini New York, Liz Christy na wenzake walisafisha kiwanja kilichojaa takataka wakakigeuza bustani, na mwaka uliofuata jiji likawakodishia kwa dola moja kwa mwezi. Bustani za aina hiyo zikaenea. Lakini mwaka 1999 jiji hilohilo lilitaka kupiga mnada bustani zaidi ya 100, na ziliokoka kwa sababu mashirika ya hisani yalitoa mamilioni ya dola kuzinunua. Los Angeles hawakupata bahati hiyo: mwaka 2006 mamia ya familia ziliondolewa South Central Farm na mimea ikalazwa kwa buldoza. Uingereza ilichagua njia nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1925, halmashauri haiwezi kuuza ardhi iliyonunuliwa au kutengwa kwa bustani za wananchi bila idhini ya waziri. Ni sheria inayomlazimu mwenye mamlaka kueleza sababu zake kabla ya kung'oa, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Utaniuliza: je, kiwanja kikihitajika kwa shule au zahanati? Chukueni. Mkataba useme tu kwamba tutapewa notisi ya kutosha kuvuna kilichopandwa, na kwamba tutaonyeshwa kiwanja kingine kabla ya kile cha kwanza kufungwa.

Na utubane na sisi pia. Siku ya kupanda watu hujaa, picha hupigwa, viongozi hushika jembe (jembe jipya, daima). Ukifika wakati wa kumwagilia na kung'oa magugu wanabaki wachache, aghalabu wanawake wa makamo na wastaafu. Kikundi kikiacha eneo msimu mzima bila kulima, mkataba uvunjike, kiwanja wapewe wengine. Tukikosa masharti hayo, viwanja vitageuka mashamba ya wajanja wawili watatu kwa jina la jamii.

Maji nayo yaandikwe humo. Bustani iwe na mita yake, na bili tuilipe wenyewe. Kuomba ndoo kwa majirani wakati wa kiangazi kumevunja vikundi vingi kuliko wadudu.

Rasimu ya ukurasa mmoja tumeshaiandaa. Tunaomba mwanasheria wako na afisa mipango miji wakae nasi asubuhi moja waipitie, ikiwezekana kabla miche haijatoka kitaluni.

Wako mtiifu,
Mtunza bustani wa kujitolea