Barua ya wazi kwa Padre Mkurugenzi wa Miito: yule padre atarudi lini?

Tumsifu Yesu Kristo, Padre.

Mi ni mwalimu wa dini sekondari, nafundisha kile kipindi kinachowekwaga mwisho wa wiki watoto wakiwa wameshachoka na nusu yao mawazo yako nyumbani. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu naamini walimu wengi wa dini wakisoma watasema ndo hivyo hivyo hata kwetu. Sina ugomvi na wewe kabisa, mara ya mwisho ulipokuja ulinisalimia vizuri, hata jina langu ulilikumbuka. Tatizo langu ni ile siku yenyewe, Siku ya Miito, mnapokuja shuleni kuwaeleza watoto habari za upadre na utawa.

Nikukumbushe ilivyokwenda. Mlikuja watatu, wewe, sista mmoja, na frateri, kijana anayesomea upadre, aliyebeba projekta. Slaidi zikapita, majengo ya seminari, bustani, kwaya, mashemasi wamelala kifudifudi mbele ya altare siku ya upadrisho, picha nzuri kweli sikatai. Dakika arobaini zikaisha hivyo. Halafu ukauliza, "Haya, wangapi humu wanataka kuwa mapadre?" Kimya. Mikono mitatu ikanyanyuka, huko nyuma wakaanza "eeeh, fadha!" na vicheko juu, mi nilikuwa nimesimama pembeni dirishani nikamwona kijana mmoja mkono umefika usawa wa sikio, akasita, akajikuna kichwa, akaushusha. Akajifanya alikuwa anajikuna tu. Ukawauliza na wasichana, wakanyoosha wawili, sista akaandika majina matano kwenye daftari, tukasali Salamu Maria, mkaondoka mbio maana mlikuwa na shule nyingine ya kuwahi.

Hiyo ilikuwa wiki ya Jumapili ya Mchungaji Mwema, ile Jumapili ya kipindi cha Pasaka Kanisa linapoombea miito. Mpaka leo hao watano hakuna aliyetafutwa, hata kameseji. Daftari sijui liko wapi. Ila hao watano angalau waliandikwa, mi anayeninyima usingizi ni yule aliyejikuna.

Baada ya pale nikaweka sanduku. Ni boksi la viatu tu nimelitoboa juu, nikawaambia kila mtu aandike swali lolote kuhusu imani au wito, asiandike jina, na sitachunguza mwandiko wa mtu. Nilitegemea utani mwingi. Utani ulikuwepo lakini kidogo sana, yaliyobaki yalinifanya nikae kitako. "Mtu akienda seminari halafu akaacha, Mungu anamlaani?" "Kama nina mtu ninayempenda ina maana sina wito?" "Mimi ni mtoto wa pekee, nikiwa sista nani atawatunza wazazi?" "Mapadre usiku wanajisikia wapweke?" Na moja imeandikwa kwa penseli herufi ndogo mpaka nikaipeleka kwenye mwanga, "Nimefanya dhambi fulani, bado naweza kuitwa?"

Sasa Padre niambie, slaidi gani ya bustani inajibu hayo?

Nilianza kuyajibu moja moja kila kipindi, na nikagundua kitu, watoto hawa wanadhani kunyoosha mkono ni kusaini mkataba. Hakuna aliyewahi kuwaambia jinsi mambo yanavyokwenda. Nikawaandikia ubaoni kwamba kwa sheria ya Kanisa mtu hapewi upadre kabla hajatimiza miaka 25, kwamba nadhiri za daima za watawa hazifungwi chini ya miaka 21, kwamba kabla ya hapo kuna unovisi, yaani kipindi cha kujaribu maisha ya utawa, na nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu, na kwamba mwongozo wa malezi ya mapadre uliotoka Roma mwaka 2016 umeweka hatua nzima ya maandalizi, kati ya mwaka mmoja na miwili, hata masomo ya falsafa ya seminari hujayagusa. Yaani Kanisa lenyewe halina haraka hiyo. Nikawasomea na kanuni ya 219 ya sheria ya Kanisa, kwamba kila muumini ana haki ya kuchagua hali yake ya maisha bila kulazimishwa na mtu. Darasa likatulia. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo naweza kwenda kujaribu nikarudi, na isiwe dhambi?" Nikamwambia ndiyo, huko unakwenda kutafuta, na kutafuta kunaweza kukurudisha nyumbani. Uso wake ulivyobadilika, natamani ungekuwepo.

Swali la upweke sikulijibu. Hilo ni lako. Mi nina mume na watoto wanaopiga kelele, nitajuaje upweke wa padre? Ila nilifikiri, padre akikaa mbele ya darasa akasema kweli, kuna siku inakuwa ngumu, na mi huwa nafanya hivi na hivi, wangemsikiliza kuliko slaidi mia. Papa Paulo wa Sita aliliandika mwaka 1975 kwenye waraka wake wa kutangaza Injili, Evangelii Nuntiandi, kwamba mtu wa leo anawasikiliza zaidi mashahidi kuliko walimu, na akiwasikiliza walimu ni kwa sababu ni mashahidi. Mi mwalimu nikisoma pale inanichoma kidogo lakini ndo ukweli.

Na hawa watoto wanajua kuuliza jamani. Mmoja alisimama, "Mwalimu, Petro si alikuwa na mama mkwe? Sasa mbona mapadre hawaoi?" Najua wengine wangemwambia kaa chini acha utundu. Lakini ni kweli, imo kwenye Mathayo sura ya 8, Yesu alimponya mama mkwe wa Petro homa. Nikawaeleza kwamba useja wa mapadre kwetu Kanisa la Kilatini ni sheria ya Kanisa yenye maana kubwa, inamfuata Kristo mwenyewe, ila si fundisho la imani lisiloweza kubadilika, na kwamba kuna Makanisa Katoliki ya Mashariki ambako mwanamume aliyekwisha kuoa anaweza kupewa upadre, ila akishapewa daraja haoi tena. Walishangaa mno! Hakuna aliyepoteza imani siku hiyo. Waliona tu kwamba kumbe hatuwafichi kitu, na wiki iliyofuata maswali yaliongezeka.

Swali lililonishinda kabisa mwanzoni lilikuwa la Carlo Acutis, yule kijana wa Italia. Wanampenda, ana jinzi, ana raba, ana kompyuta, na tangu alipotangazwa mtakatifu Septemba 2025 picha yake wameigeuza hata picha ya simu. Sasa kijana mmoja akauliza, "Carlo alikufa na miaka 15 hajachagua kitu, yeye wito wake ulikuwa upi?" Nikasema nipe wiki. Nikaenda kusoma, nikarudi na sura ya tano ya Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Kanisa, kwamba wote tunaitwa kwenye utakatifu, si mapadre na watawa peke yao, na kwamba Carlo tangu Komunyo ya kwanza akiwa na miaka 7 alikuwa anaenda Misa kila siku, basi yeye wito wake alikuwa anauishi tayari kwenye dawati la shule, hakuungoja ukubwani. Hapo ndo nikaelewa kosa letu, Padre. Tunawauliza mtakuwa nani wakati hatujawafundisha kuwa na Yesu leo mchana. Wengi katekisimu yao iliishia siku ya Kipaimara. Majibu ya kukariri ya utotoni wanayo, kusali kwa maneno yao wenyewe dakika tano hawajui. Mtu hajui kuongea na Bwana, unamuulizaje Bwana amemwambia nini? Sinodi ya 2018, ule mkutano wa maaskofu kule Roma, iliyaweka pamoja kwenye jina lake, vijana, imani, na utambuzi wa wito. Imani imetangulia pale.

Kuna lingine naliona linasahaulika kila mwaka. Mnakuja padre, sista, frateri, basi. Watu wa ndoa wako wapi? Katekisimu namba 1534 inaziweka Daraja, yaani ya upadre, na Ndoa pamoja, sakramenti mbili za kuwahudumia wengine. Lakini darasa zima linabaki na picha kwamba wito ni wa wale watano wa kwenye daftari, sisi wengine thelathini tutaoa tu, kama vile ndoa ni ya waliokosa namba. Niliwahadithia habari za Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Louis alikwenda kuomba utawa akaambiwa kajifunze Kilatini kwanza, Zélie akaomba kwa masista akakataliwa. Wakakutana, wakafunga ndoa 1858, wakazaa watoto tisa, wanne wakafa wadogo, wale mabinti watano waliobaki wote wakawa watawa. Na 2015 wakatangazwa watakatifu pamoja, mume na mke. Nilipofika pale pa kukataliwa kuna msichana huwa anachoragachora kwenye daftari hasikilizi, aliweka kalamu chini.

Sasa ninachokuomba. Kwanza slaidi ziache. Usije mara moja kwa mwaka kama mkaguzi, njoo hata mara tatu, na moja kati ya hizo usihubiri kabisa, ukae nao tu kwenye benchi. Ukija, njoo na mke na mume ambao wamegombana wakapatana, na bruda, yaani mtawa wa kiume asiye padre, maana hawa watoto bruda hawamjui ni nani, wanadhani ni padre ambaye hajamaliza, na kama inawezekana njoo na mtu aliyeacha seminari akabaki Mkristo mzuri mwenye furaha, huyo peke yake atajibu robo ya sanduku. Tuwe na nusu saa ya kuabudu Ekaristi kimya kimya, nitawaandaa mimi, watahangaika dakika kumi za mwanzo halafu watatulia, nimeshajaribu. Na lile la kunyoosha mikono mbele ya wenzao naomba life. Anayetaka kuongea aongee na wewe au sista pembeni lakini mahali pa wazi ambapo wote tunaona, na wazazi wakijua, maana ni watoto hawa na siku hizi uaminifu ni kitu cha kujengwa upya.

Majina mliyoandika mwaka jana, tafadhali yatafuteni. Mtoto akishajitaja halafu kimya kikafuata, anachojifunza ni kwamba hata Kanisa halikuwa serious. Mmoja kati ya wale watatu tayari anasema alikuwa anatania tu. Hakuwa anatania, mi namfundisha namjua.

Utaniambia Padre ratiba, shule ni nyingi, mapadre wachache. Najua, na gari lenu nimeliona. Lakini hebu mkumbuke Samweli wa kwenye Biblia, mtoto aliyelelewa na kuhani Eli. Aliitwa usiku, akakimbia kwa Eli mara tatu, kwa sababu sauti ya Mungu aliisikia kama ya mzee aliyemzoea. Kama Eli angekuwa mgeni wa mara moja kwa mwaka mtoto angekimbilia kwa nani? Na Eli mwenyewe mara mbili za kwanza hakuelewa kitu, alimwambia tu karudi ukalale. Mara ya tatu ndo akashtuka, na hata hapo hakumwambia Samweli hongera umeitwa njoo ujaze fomu, alimfundisha sentensi moja ya kujibu akamrudisha kitandani. Shule tatu ambazo watoto wanakujua kwa jina naona ni bora kuliko ishirini ambazo wanaijua projekta. Nyingine tuachie sisi walimu, tufundisheni wikiendi mbili tatu, hata mi mwenyewe nilijiokotea mengi haya kwa kubahatisha.

Yule kijana aliyejikuna kichwa siku hizi anabaki baada ya kipindi kunisaidia kupanga madawati, bila kuombwa. Hasemi kitu. Wiki iliyopita akiwa amenipa mgongo, anasukuma dawati, akauliza kama vile anaulizia hali ya hewa, "Mwalimu, yule padre atarudi lini?"

Nikamwambia nitamuuliza. Basi Padre, ndo nakuuliza.

Wako katika Kristo,
Mwalimu wa dini