Mjomba, wasikilize hawa wa Arusha

Shikamoo mjomba,

Siku ya kipaimara cha mdogo wangu uliniuliza kama bado napenda picha za sinema na muziki ule ule. Watu walikuwa wengi, hatukumaliza. Jibu langu ni refu, na najua wapo vijana wengi hapa Arusha wenye la kwao kama langu, ndiyo maana naliandika hadharani.

Naanza na Hatari!, picha ya John Wayne, yule mwigizaji wa Marekani. Ilipigwa huku kwetu kabla ya Uhuru, ikatoka mwaka 1962 Tanganyika ikiwa imeshajitawala. Wewe huipendi, unasema ni Wazungu kukimbiza wanyama tu. Hadithi yake ni hiyo kweli: kikosi cha Momella kinakamata wanyama wa kuuzwa nje. Lakini naomba uitazame tena. Faru anayekimbizwa mwanzoni ni faru wa kweli, na waigizaji wenyewe ndio waliokuwa juu ya magari yale. Muziki wa Henry Mancini, hasa ndama wa tembo wanapopelekwa kuoga, unaingia mwilini hata kama hujui neno la Kiingereza. Mimi lakini huwa namwacha stelingi na mambo yake, namtazama yule anayeshika kamba nyuma. Watu wetu wamo karibu kila mahali: wanavuta, wanabeba, wanacheza ngoma. Wanaopewa la kusema ni wachache sana. Naipenda picha hiyo, na hilo linaniuma kila nikiitazama.

Ndiyo maana nilimpenda Lufufu, yule aliyekuwa akizitafsiri picha za nje kwa Kiswahili. Kwenye kibanda cha video, stelingi wa Kichina akifungua mdomo kilitoka Kiswahili cha mtaani, na Lufufu alikuwa anakueleza nani adui, nani kamsaliti nani. Wapo wanaosema aliharibu picha za watu kwa kuongeza ya kwake. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama asiyejua Kiingereza wala Kichina alikaa pale akafuata hadithi yote, akacheka pa kucheka, akalia pa kulia.

Sasa muziki, na hapa ndipo tunapogombana. Uliposikia X Plastaz, kundi la hip hop la hapa Arusha, ulisema wamevaa shuka za Kimaasai ili kuwafurahisha watalii. Mjomba, toka nje hapo Sakina asubuhi, au panda gari la Ngaramtoni. Shuka ziko kituoni, zimo kwenye daladala, ziko mlangoni kwa mlinzi. Hakuna aliyemvalia mtalii. Kwa nini zisiingie studio? Kundi lile, ambalo wengi wao ni ndugu wa familia moja, lilitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Kina Gsan wanachana kwa Kiswahili, halafu Merege, Mmaasai wa kundi hilo, anaingia na ile sauti ya kimorani inayotoka kooni, nzito, ya kwenda na kurudi. Haijawekwa kama pambo. Mdundo wenyewe unaisubiri. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama, kwa sababu niliyekuwa nimezoea kumwona nyuma ya picha sasa alikuwa mbele, ameshika maiki.

Mwaka 2006 Faza Nelly, mmoja wa kundi hilo, aliuawa. Mpaka leo vesi zake nikizisikia huwa siongei na mtu mpaka wimbo uishe.

Waliofuata kwenye hip hop ya Arusha unawajua: Nako 2 Nako, kisha Weusi na kina Joh Makini, Nikki wa Pili na G Nako. Nawapenda, na nchi nzima inawapenda, kwa hiyo hawahitaji mimi niwatetee kwako.

Ombi langu ni moja. Tafuta albamu ile ya 2004 uisikilize kwenye spika kubwa, si kwenye simu, maana simu inaimeza sauti ya Merege. Isikilize yote, usirukeruke. Kisha niandikie, uniambie kama bado unaona ni muziki wa watalii.

Mpwa wako